Nani Aanze Kusema? Mawasiliano Baina ya Tamaduni katika Madarasa ya Chuo Kikuu Jijini Mwanza

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jambo ambalo kila anayefundisha chuo kikuu amelikuta, nalo ni kimya cha darasa la semina. Mhadhiri anauliza swali. Wanafunzi thelathini wanainamia madaftari yao. Mmoja au wawili, aghalabu wale wale wa juma lililopita, ndio wanaojibu. Maelezo yanayotolewa upesi ni mawili: kwamba wanafunzi hawakusoma, au kwamba Kiingereza chao ni dhaifu. Maelezo ya pili yana uzito mkubwa. Tangu ripoti ya Criper na Dodd (1984), kupitia mkusanyiko uliohaririwa na Rubagumya (1990) hadi kitabu cha Roy-Campbell na Qorro (1997), imeonyeshwa mara kwa mara kwamba wanafunzi wengi wa Tanzania wanafundishwa kwa lugha wasiyoimudu vya kutosha.

Hata hivyo, maelezo hayo hayamalizi mambo. Mwanafunzi yule yule aliyenyamaza saa nne asubuhi husikika saa kumi jioni akibishana kwa ufasaha juu ya mada ile ile, na anaobishana nao si watu wa kwao. Hoja ya makala haya ni kwamba darasa la chuo kikuu ni mahali pa kukutana kwa tamaduni nyingi, na kwamba kule nje wanafunzi wamekwisha kuunda vyombo vya kukutania, yaani salamu, majina ya kuitana, hodi ya maneno na utani. Darasa huwataka waviache mlangoni pasipo kuwapa vingine. Linalopotea ni nafasi ya kusemea, na pamoja nayo alama, sifa na wakati mwingine hata imani ya mtu kwamba ana la kusema.

Mazingira yanayozungumziwa ni ya Mwanza, hususan ukanda wa kusini mwa jiji. Barabara itokayo katikati ya jiji hupita Igogo, ikaingia Mkuyuni, ikaendelea Butimba hadi Nyegezi. Mkuyuni ni kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyobanwa kati ya ziwa na vilima vya mawe, ambako nyumba zimepandana juu ya majabali kama ilivyo desturi ya jiji hilo. Mbele yake, Malimbe, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Tanzania, kilichoanza mwaka 1998 kutokana na chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi mwaka 1960. Wanafunzi wasiokaa katika mabweni hupanga vyumba mitaani, na katika vyumba hivyo, vibandani kwa mama lishe na ndani ya daladala ndimo mawasiliano yao ya kila siku yanamofanyika. Mifano itakayotolewa ni ya maneno yanayosikika katika mazingira kama hayo. Haikutokana na hojaji, na haikusudiwi kuwa takwimu.

2.0 Nadharia na mipaka yake

Taaluma ya mawasiliano baina ya tamaduni ilipata msukumo wake katika kazi ya Hall (1959), aliyeonyesha kwamba watu huwasiliana pia kwa muda, umbali na ukimya. Gumperz (1982) aliipeleka mbele kwa kuchunguza dalili ndogo ndogo ambazo msikilizaji huzitumia kujua kama anaulizwa, anaombwa au anaamrishwa. Mfano wake unaojulikana sana ni wa wahudumu wa mkahawa wenye asili ya India na Pakistani katika uwanja wa ndege nchini Uingereza. Walipokuwa wakimkaribisha mteja mchuzi kwa kidatu kinachoshuka, Waingereza walisikia jeuri, ilhali kwa wahudumu hao kidatu kile kile kilikuwa cha kawaida kabisa.

Kwa upande wa darasa, kazi ya Philips (1983) juu ya watoto wa Kihindi Wekundu wa Warm Springs, Marekani, ndiyo yenye manufaa zaidi kwa mada hii. Philips alionyesha kwamba watoto hao hawakuwa wakimya kwa tabia. Walinyamaza pale mwalimu alipomwita mmoja mmoja ajibu mbele ya wote, na walizungumza vizuri pale walipofanya kazi kwa vikundi vyao. Yaani kimya kilitokana na mpango wa ushiriki, si na mtoto.

Tafiti hizi zina mpaka mmoja unaopaswa kuangaliwa. Karibu zote zinachukulia kwamba kuna mwenyeji na mgeni: Mwingereza na Mpakistani, mwalimu mzungu na mtoto wa Warm Springs. Mwanza haina mgawanyo wa namna hiyo. Barabarani na sokoni mwenyeji ni Msukuma, kwa kuwa Wasukuma ndio walio wengi mkoani na ndilo kabila kubwa kuliko yote nchini. Darasani mwenyeji hayupo. Mhadhiri anaweza kuwa Mhaya, Mchaga, Mkenya au Mhindi. Wanafunzi ni Wakerewe, Wajita, Wakurya, Waha, Wazinza, Wanyakyusa, Wazanzibari na wengineo. Na lugha rasmi ya kufundishia si ya yeyote kati yao. Mahali ambapo kila mmoja ni mgeni, swali la kwanza huwa ni nani aanze kusema, na kwa ruhusa ya nani.

3.0 Njia ya kufikia darasani

Swali hilo halikuwa na uzito ule ule kwa vizazi vyote. Kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, kijana aliyefika chuo kikuu alikuwa amekwisha kuishi na watu wa makabila mengine kwa miaka mingi. Shule za sekondari zilikuwa chache, nyingi zikiwa za bweni, na Serikali iliwapanga wanafunzi bila kujali mikoa yao. Kijana wa Mtwara aliweza kupangwa Nsumba au Bwiru, mkoani Mwanza, na wa Mwanza akapangwa Tabora au Songea. Baada ya hapo kulikuwa na Jeshi la Kujenga Taifa. Isitoshe, Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa katika mji ulio kando ya ziwa hili hili, lilifuta kwa masomo mengi utaratibu wa kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha 6; mwombaji alitakiwa awe amefanya kazi kwanza. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, lakini kwa muda uliodumu ulijaza madarasa watu wazima waliokwisha kujifunza, kambini na kazini, jinsi ya kumkatiza mtu pasipo kumvunjia heshima.

Njia hiyo imebadilika. Mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha 6, kwa muda mfupi zaidi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulieneza shule za kata nchini kote. Hakuna anayeweza kuyabeza mafanikio ya shule hizo: zimewafikisha sekondari watoto ambao zamani wangebaki shambani au kwenye mitumbwi. Lakini mtoto wa kijiji cha Sengerema anayesoma shule ya kata hukaa hadi kidato cha 4 na watoto aliochunga nao, na wengi wao huzungumza Kisukuma au Kizinza mara tu kengele ya mwisho inapogongwa. Kukutana kwake kwa kweli na Mpemba, Mchaga au Mganda husubiri kidato cha 5, na kwa wengine husubiri chuo kikuu. Kazi ambayo zamani ilifanywa na mabweni na makambi imehamishiwa katika ukumbi wa mihadhara, na ukumbi wenyewe haujaambiwa.

4.0 Vyombo vinavyoachwa mlangoni

4.1 Salamu na majina ya kuitana

Yahya-Othman (1995), akiandika juu ya salamu za Waswahili, ameonyesha kwamba kutosalimu ni tendo lenye maana nzito, kwa maana mtu asiyesalimiwa huona amenyimwa utu wake. Watu wa Kanda ya Ziwa hawako nyuma katika hilo. Anayetaka ushahidi na aisome riwaya ya Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, iliyoandikwa kwa Kikerewe mwaka 1945, aone jinsi safari fupi ya kwenda ukweni inavyochukua kurasa kadhaa za kukaribishana kabla shida yenyewe haijatajwa. Ukerewe ni kisiwa kinachofikiwa kwa meli kutoka bandari ya Mwanza. Adabu hiyo si ya mbali.

Katika Kisukuma mkubwa husalimiwa kwa umbo la wingi, *mwangaluka* asubuhi na *mwadila* baadaye mchana, na wingi huo wa heshima huhamia katika Kiswahili cha wanafunzi wengi wa bara. Mwanafunzi humwambia mhadhiri:

(1) Shikamoo mwalimu. Mmeamkaje? Jana mlisema tulete kazi leo.

Mzungumzaji wa pwani husikia wingi wa idadi na kujiuliza ni akina nani wengine waliosema. Mzungumzaji wa (1) alikuwa na mtu mmoja tu akilini, tena aliyemheshimu. Mkanganyiko huu ni mdogo na hutatuliwa kwa kicheko. Mkubwa zaidi hutokea lugha inapobadilika, kwa sababu Kiingereza cha darasani hakina mahali pa *shikamoo*, hakina wingi wa heshima na, lililo zito kuliko yote, hakina *kaka*, *dada*, *mama* na *mzee*.

Chukua darasa ambamo kijana wa miaka 21 amekaa na mwalimu wa shule ya msingi wa miaka 45 aliyerudi masomoni. Mkuyuni, kijana humwita *mwalimu*, *mama* au *mama fulani* kwa jina la mwanawe, na kwa jina hilo anaweza kumpinga: *Mama, hapo umeniacha kidogo.* Neno *mama* limekwisha kulipa deni la heshima, hivyo upinzani unakuwa wa hoja tu. Kwa Kiingereza kijana hubakiwa na jina tupu la mtu aliye rika la mzazi wake. Wengi hawathubutu kulitamka, na kwa kuwa hawana jina la kumwitia, hawamjibu kabisa. Hali kadhalika hutokea kwa mhadhiri mgeni anayewaomba wanafunzi wamwite kwa jina lake la kwanza, akidhani anaondoa umbali. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi hawamwiti kwa jina lolote; husubiri mpaka awatazame. Yeye huandika katika kumbukumbu zake kwamba wanafunzi hawa ni waoga.

4.2 Hodi ya maneno

Nyumba ya Mswahili haiingiwi bila hodi, na mazungumzo yake vivyo hivyo. Msemaji hubisha kwanza: *samahani*, *naomba kuchangia*, *kwa ruhusa yako mwalimu*, *labda niongezee pale alipoishia mwenzangu*. Mwanafunzi wa Unguja huenda mbali zaidi. Huanza kwa kumshukuru aliyemtangulia, akakiri kwamba yeye si mjuzi, ndipo akakaribia hoja kwa kuizunguka. Mhadhiri aliyefunzwa kuthamini sentensi inayoanza na dai husikia mtu asiyejua anachotaka kusema na humkatiza kabla hodi haijajibiwa. Mtu aliyekatizwa mlangoni harudi tena kubisha.

Kwa upande mwingine, Mkurya aliyezoea kusema kwa sauti ya juu na kwa mkato huonekana mgomvi, na Mkenya aliyezoea kusema *niletee chai* mahali ambapo Mtanzania husema *naomba chai* huonekana mwenye amri. Inafaa kusisitiza kwamba makabila na mataifa hayana tabia moja moja kama nguo za sare. Mkurya mpole yupo, na Mzanzibari mkali yupo. Linaloelezwa hapa ni mazoea ya kuanza na kumaliza zamu ya kusema, ambayo mtu huyapata nyumbani kabla hajajua kwamba ni mazoea. Kwa kuwa hayajulikani kuwa mazoea, hutafsiriwa kuwa tabia, na tabia hupewa jina la kabila. Hapo ndipo hatari ilipo.

4.3 Utani

Chombo cha tatu ndicho cha kienyeji zaidi. Utani wa makabila, ambao Moreau aliuandikia mapema miaka ya 1940, ni mkataba unaoruhusu pande mbili kusemana bila kukasirikiana. Wasukuma na Wanyamwezi wana utani na Wazaramo, na mara nyingi huelezwa kwamba mizizi yake iko katika misafara ya karne ya 19 iliyopita Uzaramo ikielekea pwani. Wanafunzi wameupanua mkataba huo hata kwa wasiokuwa watani wa asili. Mhaya hutaniwa kwa kuchanganya Kiingereza, Msukuma kwa ng'ombe na wali mwingi, Mchaga kwa hesabu za fedha, nao hujibu mapigo. Msikilizaji mgeni huweza kudhani kuna ubaguzi. Kwa kweli aghalabu kinachofanyika ni kupima kama kuna ukaribu wa kutosha kuvumilia neno kali. Baada ya utani hoja nzito hupita.

Yanayosemwa juu ya Msukuma mkimya yanastahili kukanushwa hapa. Jamii ya Kisukuma ina moja ya mila hodari za mashindano ya maneno hadharani katika Afrika ya Mashariki. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno, kila upande ukicheza na kuimba kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Nyimbo za kumkejeli mpinzani ni sehemu ya silaha. Kijana aliyekulia Magu au Kwimba akiyaona mashindano hayo hawezi kusemwa kwamba utamaduni wake haumruhusu kubishana mbele ya watu. Unamruhusu, lakini kwa masharti yanayojulikana: pande mbili zimetajwa, kejeli imehalalishwa, na anayeimba yuko mbele ya chama chake. Semina humtaka abishane peke yake, bila upande, bila kejeli, mbele ya mtu atakayempa alama.

Si kila utani ni salama. Mzanzibari aliyetaniwa kuhusu Muungano, au mwanafunzi kutoka Burundi aliyetaniwa kuhusu vita, anaweza asiuone mkataba wowote, kwa maana hakuwahi kuutia saini. Mwanamke anayetaniwa na wanaume kumi katika kikundi kimoja naye hana nafasi sawa ya kujibu. Utani hufanya kazi pale tu ambapo zamu ya kujibu ipo.

5.0 'Ndiyo' isiyokuwa ndiyo

Kuna mgongano mmoja wa kisarufi ambao umewagharimu wanafunzi wengi bila wao kujua. Katika Kiswahili, jibu la swali kanushi hukubaliana na swali lenyewe:

(2) Mwalimu: Hukukisoma kitabu?
Mwanafunzi: Ndiyo, mwalimu. (Yaani: ndiyo, sikukisoma.)

Katika Kiingereza jibu hukubaliana na ukweli wa tendo, kwa hiyo neno la kukubali lingemaanisha kwamba alikisoma. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili na kutamka kwa Kiingereza hujibu kwa kukubali, kisha anaposhindwa kueleza kilichomo kitabuni, mhadhiri mgeni humwona mwongo. Kinyume chake hutokea kwa *pole*. Neno hili hutolewa kwa aliyepatwa na jambo pasipo mtoaji kuwa na hatia. Likitafsiriwa kwa neno la Kiingereza la kuomba radhi, mwanafunzi aliyemwambia mwenzake aliyefeli *pole* huonekana kama anayekiri kosa.

Zito kuliko hayo ni swali *Mmeelewa?* na jibu lake la pamoja, *Ndiyooo*. Chick (1996), akichunguza madarasa ya Kizulu wakati wa utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini, alionyesha kwamba majibu ya pamoja ya namna hiyo huwalinda mwalimu na wanafunzi kwa pamoja: hakuna anayeumbuka, na hakuna anayejifunza sana. Waswahili husema uso umeumbwa na haya. Mwanafunzi anayesema peke yake *sijaelewa* anajivua haya yake mwenyewe na wakati huo huo anamwambia mkubwa kwamba hakufundisha vizuri. Anaumbua nyuso mbili kwa sentensi moja. Katika jamii nyingi za Ziwa na za pwani vile vile, hilo ni tendo la mtoto asiyefunzwa. Mhadhiri anayetaka kujua kama ameeleweka hana budi kuuliza swali ambalo jibu lake halitamuumbua mtu; *nani atueleze tofauti ya A na B* huleta mengi kuliko *mmeelewa?*

6.0 Je, Kiswahili kinatosha?

Msomaji wa jarida la Kiswahili anaweza kutarajia kwamba dawa ni moja: kufundisha kwa Kiswahili. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 zililirudia wazo hilo kwa namna zake. Ushahidi wa darasani unaliunga mkono, na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, imeonyesha kwa muda mrefu kwamba isimu na fasihi zinaweza kufundishwa kwa lugha hii hadi shahada za juu.

Lakini somo la Kiswahili ndilo pia linalofichua kwamba kubadili lugha hakufuti tofauti za tamaduni. Hurudisha salamu, majina ya kuitana na hodi. Pamoja nayo hurudisha ngazi nyingine ya hadhi, ambayo Kiingereza kiliificha kwa kuwafanya wote wawe wageni. Tazama:

(3) a. Mwalimu husema kwamba lugha ni chombo.
b. Mwalimu anasemaga kwamba lugha ni chombo.

Msemaji wa (3b) huchekwa. Kiambishi *-ag-* cha mazoea kinapatikana katika lugha nyingi za Kibantu, Kisukuma kikiwemo, na matumizi yake katika (3b) yanafuata kanuni: hakitokei ovyo, hutokea pale tendo linaporudiwa. Kwa mtazamo wa isimu ni mfumo kamili, na siku hizi kimeenea katika mazungumzo hata nje ya Kanda ya Ziwa. Darasani hata hivyo huhesabiwa kuwa alama ya ushamba. Vivyo hivyo kwa sauti. Kisukuma hakina fonimu /r/, na mzungumzaji wake anaposema *kula* kwa *kura* katika mada ya uchaguzi, ukumbi mzima huangua kicheko. Kicheko hicho hakitokani na mkataba wa utani, kwa kuwa anayechekwa hana zamu ya kujibu. Mwanafunzi aliyetawala mjadala kwa Kisukuma nyumbani, na kwa Kiswahili chake Mkuyuni, huweza kunyamaza katika somo la Kiswahili kuliko hata katika somo la uchumi, ambako makosa ni ya wote.

Inashangaza kwamba jambo hili halizungumzwi zaidi katika idara zinazofundisha isimujamii. Mwanafunzi husoma saa tatu kwamba hakuna lahaja iliyo bora kuliko nyingine, na saa tano husahihishwa lafudhi mbele ya wenzake kabla hoja yake haijasikilizwa. Sanifu ina mahali pake, nako ni katika maandishi na katika mtihani. Kuidai katika sentensi ya kwanza ya mtu anayejaribu kufikiri kwa sauti ni kumfunga mdomo.

7.0 Kazi za vikundi na alama za ushiriki

Yote yaliyotajwa yangebaki mambo ya adabu kama yasingehusu alama. Katika vyuo vingi sehemu ya alama za muhula hutokana na kazi za vikundi na mawasilisho. Mchakato wake unafahamika. Kikundi cha wanafunzi wanane au kumi hukutana chumbani kwa mmoja wao, tuseme Mkuyuni, kwa sababu chumba chake kina meza. Mjadala huendeshwa kwa Kiswahili, huku istilahi za Kiingereza zikichomekwa katika sentensi za Kiswahili, kwa mtindo ambao Blommaert (1992) aliuchunguza kwa wanataaluma wa Dar es Salaam. Kazi hugawanywa. Salamu zimetolewa, utani umepita, mzee wa kikundi ametambuliwa, na hoja nzuri hutoka popote, hata kwa aliyesoma shule ya kata ya kisiwani Kome.

Siku ya kuwasilisha hubadilisha kila kitu. Anayesimama ni aliyesoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, ambaye mara nyingi ni mtoto wa mjini na wa wazazi wenye uwezo. Kikundi chenyewe humteua, na humteua kwa busara, kwa kuwa alama ni ya wote. Lakini sifa humwendea yeye. Maswali huelekezwa kwake, naye huyajibu kwa hoja za mwenzake aliyekaa nyuma. Mhadhiri humkumbuka kwa jina, na jina hilo ndilo huja akilini anapotafutwa msaidizi wa utafiti au anapoombwa barua ya kumpendekeza mtu kwa masomo ya uzamili. Tofauti ya tamaduni hapa imegeuka kuwa tofauti ya tabaka, na kazi hiyo imefanywa na wanafunzi wenyewe kwa hiari yao.

Mpango wa ushiriki, kwa maana ya Philips, unaweza kubadilishwa bila kusubiri sera yoyote. Mhadhiri anaweza kudai kwamba kila kikundi kilete, pamoja na wasilisho, muhtasari wa mjadala kwa lugha iliyotumika, ukionyesha nani alileta hoja gani. Anaweza kuwapa wanafunzi dakika tano za kujadili swali wawili wawili kabla ya kulijibu mbele ya wote, ili anayejibu awe anasema *sisi tumeona* badala ya kusimama peke yake kama aliyeshtakiwa. Anaweza kutenga pande mbili za kubishana, jambo ambalo mwanafunzi aliyewahi kuwaona Bagika na Bagalu halihitaji kufundishwa. Na anaweza kuanza saa yake kwa salamu inayojibiwa, kwa lugha yoyote ile. Huchukua nusu dakika.

Gumu zaidi ni alama za ushiriki zenyewe. Kwa kawaida hutolewa kwa kuhesabu waliosema, na waliosema huhesabiwa kwa kumbukumbu ya mhadhiri, ambayo humkumbuka aliyesema kwa namna inayofanana na yake. Mhadhiri wa pwani atamkumbuka aliyebisha hodi vizuri. Aliyesomea Uingereza atamkumbuka aliyeingia bila hodi. Maadamu hakuna kigezo kilichoandikwa na kutangazwa mwanzoni mwa muhula, kinachosema kama kuuliza ni ushiriki, kama kumwongezea mwenzako ni ushiriki, na kama hoja iliyoletwa kwa Kiswahili katika kikundi ni ushiriki, alama hizo zitaendelea kupima umbali kati ya nyumbani kwa mwanafunzi na nyumbani kwa mwalimu.